Bata Mzinga wa Raheli

Majuzi nilikuwa nimekaa uani kwa binti yangu nachambua mchele, jirani yao akaanza kuchoma kuku. Alikuwa amempaka samli na kitunguu saumu, na mafuta yalipodondokea makaa, moshi ukaja moja kwa moja usoni pangu. Nikaacha mchele, nikabaki kumkodolea macho yule kuku. Binti yangu akaniuliza, "Mama, una njaa?" Nikamwambia hapana. Sikumwambia kuwa ulikuwa ni wivu. Mwanamke mwenye wajukuu, magoti hayakunjiki, nilikuwa namwonea wivu mtoto wa zamani, wa miaka kumi na moja, ambaye kidari cha ndege kilipita mikononi mwake wakati mikono yangu mimi imeshanawa inangoja.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwetu Iramba, enzi za Mwingereza, mnajua Krismasi zetu zilivyokuwa. Mvua imeshaanza, mtama umechipua, matope mpaka mlangoni, na nyumba yenye bahati ikichinja jogoo mmoja wa kugawana watu kumi. Nguo mpya ikipatikana, ilikuwa kanga ya mama iliyokatwa. Kwetu kulikuwa na upungufu mwingine zaidi ya huo. Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa machimbo ya dhahabu kule chini Sekenke, na sisi tulikaa juu ya mlima. Alikuja nyumbani Jumapili moja kwa mwezi, akisukuma baiskeli kwenye ule mpando, akifika ananuka sabuni na vitunguu. Siku ya Krismasi ndiyo hasa hakuweza kuja, maana ndiyo siku ambayo Wazungu walikula kuliko siku zote. Tangu nizaliwe sikuwahi kula Krismasi na baba yangu.

Halafu akaja Raheli.

Raheli alikuwa mtoto wa shangazi yangu, dada wa baba, aliyefariki Iguguno baada ya kuugua kwa muda mfupi. Baba yake Raheli alikuwa ameenda zamani kukata mkonge Kilosa na barua zake zilikuwa za nadra. Baba akamleta kwetu nyuma ya baiskeli, amekumbatia kikapu chenye nguo mbili. Alikuwa amenizidi miaka miwili, mrefu, mwembamba, vidole virefu kama vya mtu mzima. Mama akasema, "Damari, huyu ni dada yako. Mtalala pamoja." Usiku huo nikalala na nusu ya ngozi yangu ya ng'ombe, na nusu ya blanketi langu.

Sitaki kumsingizia. Raheli hakuwa mtoto mbaya. Kama angekuwa mbaya ningepata nafuu. Aliamka kabla ya kuitwa, akachota maji bila kugombana na mtu mtoni, akasaga uwele mpaka unga unakuwa laini kama vumbi la njiani. Mama alikuwa mjamzito na miguu imemvimba, akaanza kumwita Raheli kwa kila jambo. Na baba, zile Jumapili zake, akishateremka kwenye baiskeli swali lake la kwanza likawa, "Raheli hajambo?" Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mbele yake, na shikamoo yangu bado iko hewani.

Mwaka ule, siku chache kabla ya sikukuu, baba alikuja siku isiyo yake. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga tenga kubwa, na ndani ya tenga kulikuwa na kitu cheusi kinachokoroma. Tukakimbia wote. Baba alikuwa anacheka peke yake kabla hajafika.

"Mama Damari!" akaita. "Bwana na mkewe wameitwa Dodoma, wanakula sikukuu huko. Wameniambia huyu nimpike kwangu. Mwaka huu nipo nyumbani!"

Akafungua tenga. Akatoka ndege ambaye mimi sikuwahi kumwona hata katika picha. Shingo uchi, nyekundu na buluu, nyama inaning'inia juu ya mdomo kama utumbo uliotoka nje. Akajitikisa, akatanua mkia kama ungo, akapiga kelele. Mimi nikajikuta nyuma ya mama.

"Anaitwa bata mzinga," baba akasema.

Kwetu mzinga ni wa nyuki. Babu alikuwa nayo tisa, imetundikwa porini huko upande wa Wembere. Kwa hiyo nikaelewa mara moja, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwa nini Wazungu wanampenda ndege mbaya namna hii: kifuani mwake ana asali. Kile kifua kilivyotuna, kingekuwa na nini kingine? Nikamweleza Raheli jioni ile tukiwa tunafunga mbuzi. Nikamwambia na jinsi ya kuitoa bila kuimwaga. Raheli akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa." Nikafurahi kuwa kuna jambo ninalijua yeye halijui.

Lakini ndege akawa wa Raheli. Hakumwogopa. Alimkamatia panzi, akampa mtama mkononi, akamzungumzia kwa Kinyiramba kama anamzungumzia mtoto mdogo, na yule ndege akawa anamfuata uani, mkia umetanuka. Mimi nikisogea ananivamia. Baba alikaa kwenye kigoda, akawatazama, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mtoto huyu ana mkono na wanyama," akasema. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa nimebeba kuni mzigo mkubwa kuliko kichwa changu, na hakuna aliyesema nina shingo na kuni.

Siku mbili kabla ya Krismasi, mama alinituma niwapelekee maji ya kunywa shambani. Yeye na baba walikuwa wanapalilia mtama. Nikapita upande wa matuta, miguu haitoi sauti kwenye udongo mbichi, nikawasikia kabla hawajaniona.

"Lakini bado mdogo," mama alikuwa anasema.

"Ni mdogo. Lakini limeshaamuliwa," baba akajibu. "Mtoto anaondoka baada ya sikukuu. Usimwambie kwanza. Aile Krismasi kwa raha."

"Mwenzake naye tutamwambia nini?"

"Atazoea."

Nikasimama na kibuyu changu. Nyumbani kwetu neno mtoto lilikuwa langu. Raheli aliitwa Raheli. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto: mtoto ameshakula? mtoto yuko wapi? Na mwalimu wetu wa misheni alikuwa amesema mwezi mmoja nyuma kuwa huko mbali kuna shule ya wasichana ya kulala, inayochukua hata wadogo. Vipande vikajipanga vyenyewe. Nilikuwa naondolewa mimi. Raheli anabaki, na blanketi zima, na baba wa zile Jumapili. Na huyo mwenzangu atazoea!

Nikawapa maji. Mama akasema, "Mbona umenuna?" Nikamwambia nimejikwaa.

Kesho yake mchana baba akamwita Mzee Jumanne, jirani yetu Mwislamu, aje achinje, ili yeye na mkewe nao wale kesho yake. Raheli aliingia ndani akaziba masikio. Mimi nikabaki, maana nilikuwa nangojea asali. Walipomaliza kumnyonyoa kwa maji ya moto, baba akampasua. Nikasogea na bakuli.

"Bakuli la nini?" baba akauliza.

"La asali."

Nikamweleza. Baba akatazamana na Mzee Jumanne, wakacheka mpaka Mzee Jumanne akakaa chini. "Raheli!" baba akaita, "njoo usikie maneno ya mwenzako!" Raheli akatoka, akasikia, na hakucheka. Aliniangalia tu kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko.

Baba akatengeneza maji ya chumvi ndani ya chungu kikubwa, akaongeza asali ya babu, akamlaza ndege humo. "Wenzangu wengi wanampika anakuwa mkavu kama ubao," alisema. "Ndege huyu ana nyama nyingi na mafuta kidogo. Usipomnywesha kabla, atakudai maji mezani." Alikuwa anaongea na Raheli. Mimi nilikuwa nasikiliza kutoka kwenye mlango wa tembe.

Asubuhi ya Krismasi baba alivaa lile koti lake jeupe la kazi. Akamtoa ndege kwenye chungu, akamkausha kwa kitambaa mpaka ngozi ikawa kavu kabisa. Akaponda vitunguu saumu na chumvi, akachanganya na samli. Halafu akatazama mikono yake mikubwa.

"Hapa sasa panataka mkono mdogo," akasema. "Unaingia kati ya ngozi na nyama, pole pole, bila kuitoboa. Samli inakaa humo ndani, inamlinda. Hiyo ndiyo siri yenyewe."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimeshaenda nyuma ya nyumba, nimenawa kwa majivu, kisha kwa kipande cha sabuni, kisha kwa maji matupu, mpaka viwiko. Nikarudi nimenyoosha mikono mbele yangu, maji yanachuruzika. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa midogo kuliko yote pale nyumbani.

"Raheli," baba akasema, "lete mkono wako."

Ningewaeleza vipi? Nilisimama pale mpaka mikono ikakauka kwa upepo. Vidole vyake virefu viliingia chini ya ngozi, vikaonekana vikitembea kifuani mwa ndege kama vitu vyenye uhai, na baba ameinama karibu naye, shavu lake karibu na shavu lake, anasema, "Hivyo hivyo. Pole pole. Umeona? Umeona sasa?" Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kabla. Alikuwa anaifundisha mikono ya Raheli kama mtu anayekabidhi kitu.

Jiko lilikuwa nusu ya pipa juu ya mawe matatu. Ndege akaingia ndani ya sufuria kubwa, kidari kikiangalia chini, juu yake kitambaa kilicholoweshwa samli, kisha bati, na juu ya bati makaa. Mama akamwambia baba lazima aende kanisani, miaka yote hajakaa kanisani siku ya Krismasi. Baba akasitasita, kisha akamkabidhi Raheli upawa wake wa mpini mrefu.

"Ukimaliza kuimba ule wimbo wenu wa shule mara tatu, funua, chota mafuta yaliyo chini, ummwagie mwili mzima, funika. Halafu uanze tena. Jua likifika pale, mgeuze. Usiache hata mara moja. Yale mafuta ndiyo roho yake."

Kisha akanigeukia. "Mtoto, wewe angalia moto usizimike."

Wakaondoka, mama akitembea taratibu nyuma yake. Tukabaki sisi wawili na mbwa wetu.

Raheli aliimba. Aliimba wimbo mara tatu, akafunua, akamwagia, akafunika, akaanza tena. Harufu ilianza kutoka, na kadiri ilivyozidi kuwa nzuri ndivyo nilivyozidi kuichukia. Nilikuwa naona siku nzima itakavyokuwa. Watarudi, watakula, watamsifu, halafu mimi nitafungiwa nguo zangu kwenye kikapu. Alipokwisha kumgeuza ndege, Raheli akasema, "Damari, maji yamekwisha. Nakimbia mtoni mara moja. Ukimaliza wimbo mara tatu, mmwagie." Akaweka upawa juu ya jiwe, safi, mpini upande wangu, akakimbia na kibuyu.

Sikuimba hata mara moja. Nilishika bati kwa vijiti, nikafunua, nikainamisha sufuria kwa kitambaa, na yale mafuta yote, ile roho yake, nikayamwaga chini. Yalifanya kelele kidogo kwenye udongo mbichi. Nikarudisha kitambaa, nikarudisha bati, nikaongeza makaa mengi juu. Nikakaa. Siwezi kusema nilijuta. Niliwaza: sasa baba ataona alimchagua nani.

Raheli akarudi anahema. Akafunua, akaingiza upawa, upawa ukakwangua sufuria tupu. Akaniangalia. Kisha akaangalia nyuma yangu. Nikageuka: mbwa alikuwa analamba udongo kwa bidii, mkia unacheza.

Raheli aliondoa makaa, akaingia ndani ya nyumba, akatoka na kile kibuyu kidogo cha samli ambacho mama alikuwa anakiweka akiba kwa ajili ya uzazi wake, samli ya kutia kwenye uji akijifungua. Hata mimi sikuthubutu kukigusa kibuyu kile. Raheli akakifungua. Akamwaga samli yote ndani ya sufuria, akaongeza maji kidogo ya chungu cha chumvi, akaanza kumwagia ndege, akamwagia na kumwagia. Hakuimba tena.

Walirudi jua likiwa utosini. Kitu cha kwanza mama alichokiona ni kibuyu kitupu.

"Nani amegusa samli yangu ya uzazi?"

"Ni mimi, mama," Raheli akasema. "Nisamehe. Nilimwaga mafuta ya ndege, nikaogopa atakauka."

"Ukaona ufungue kibuyu changu? Bila kuuliza? Nitajifungua na nini mimi?" Mama hakuwa mkali wa kawaida, lakini siku hiyo miguu ilikuwa inamuuma na alimsema Raheli kwa muda mrefu, mbele ya Mzee Jumanne na mkewe waliokwisha kufika kusalimia. Raheli alisimama ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa natazama moto. Nilikuwa naona utamu, halafu naona utamu unaanza kuchacha.

Maana baba alikuwa ameshafunua sufuria. Alibonyeza kidari kwa kidole, akachoma paja kwa ncha ya kisu, maji meupe safi yakatoka yakateremka. Akasimama wima.

"Mama Damari, mwache," akasema. "Mwache kabisa. Kumwaga kila mpishi anamwaga. Mimi mwenyewe nimemwaga mchuzi wa wageni wa Bwana nikakaa jikoni nikilia. Lakini huyu amemwaga, akafikiri, akarekebisha, na hakuna aliyemwonyesha. Huyu sasa ni mpishi. Samli nitakuletea nyingine."

Kwa hiyo nilikuwa nimempandisha cheo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu iliyonawa vizuri.

Tulikula uani, juu ya ngozi na vigoda, na ugali wa uwele na mlenda na wali kidogo wa sikukuu. Wageni walipewa cha kwao wakabeba, baba akakaa nasi, akamkata ndege mbele yetu kama alivyokuwa akiwakatia Wazungu, vipande vyembamba, kila kipande kinang'aa. Nyama ile ilikuwa laini. Iliteremka yenyewe. Ilikuwa na chumvi ndani, na asali kwa mbali, na kitunguu saumu, na mimi nilitaka kwa moyo wote iwe mbaya, lakini nikaomba kuongezewa.

Kisha baba akamgeuza ndege. "Mgongoni hapa, karibu na mapaja, kuna vinofu viwili," akasema. "Vidogo, lakini ndivyo vitamu kuliko vyote. Wazungu wenyewe hawavijui. Hivi ni vya mpishi, nimevila peke yangu jikoni miaka yote." Akavitoa kwa ncha ya kidole gumba. Kimoja akamwekea Raheli kwenye kiganja. Cha pili akakishika juu kidogo. Nikaweka mkono wangu wazi juu ya goti, si kwa kuomba, wazi tu. Baba akafumba macho akakitia kinywani mwake.

Asubuhi iliyofuata akaja mwanamume mmoja mwenye koti la mvua na fimbo. Nilimwona kabla ya wote, nikajua huyo ndiye mtu wa shule. Nikakimbia nikajificha nyuma ya kihenge cha mtama, nikajibana kati ya ukuta na matete.

"Hodi hapa!"

"Karibu, shemeji. Karibu sana," sauti ya baba ikajibu. Haikuwa na furaha. Na baada ya salamu ndefu akaita, "Raheli! Raheli, mwanangu, njoo umwamkie baba yako mkubwa."

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekua! Baba yako amenituma. Ameoa huko Kilosa, anataka mtoto wake. Lori linapita leo, tunaunga treni Manyoni."

Nilibaki nyuma ya kihenge, matete yananichoma mgongo. Kwanza ilikuja furaha, sikuweza kuizuia. Si mimi. Halafu nikamsikia Raheli anauliza kwa sauti ndogo, "Leo, mjomba?" na baba anajibu, "Leo, mama." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa anamfundisha kama mtu anayekimbizana na jua. Alikuwa anamtuma kwa mama wa kambo asiyemjua, mbali ambako hawezi kwenda na baiskeli, na hakuwa na kitu cha kumpa isipokuwa kile kilichokuwa mikononi mwake. Nasema nilielewa, ukweli ni kwamba nilianza kuelewa. Sehemu kubwa nimeielewa uzeeni.

Tulimsindikiza mpaka barabarani, pale lori lilipokuwa linapumzika kabla ya kuanza safari ya Singida. Mama alimfungia nyama iliyobaki kwenye kopo, akamkumbatia, akalia waziwazi na kumwomba radhi kwa ajili ya samli. Mimi nilimpa mkono. Raheli akaushika, akaniangalia kama anayetaka kusema jambo, kisha akaitwa apande. Baba alimwinua mwenyewe, akamweka juu ya magunia, na lori lilipoanza kutoka akageuka haraka, akaipa barabara mgongo, akaingia kwenye nyasi. Hakupunga mkono. Nikamfuata. Alikuwa amesimama katika majani yanayomfika kiunoni, kofia ameibana usoni kwa mikono yote miwili, mabega yanaruka, na sauti iliyokuwa inatoka ndani ya kofia ile sikuwa nimewahi kuisikia kwa mwanamume.

Mtoto mwingine angemwonea huruma. Mimi nilisimama nikijiuliza: ningeondoka mimi, angelia hivi? Sikuwahi kumwambia mtu yeyote nilichokiona. Nilikificha kama kitu nilichokiiba.

Krismasi iliyofuata baba alirudi jikoni kwa Bwana, na zilizofuata vilevile. Hakunifundisha kumpika ndege yule. Nadhani alijua tuna muda, na muda ukapita.

Tulikutana mara moja tu, mimi na Raheli. Bendera ilikuwa imeshabadilika, mimi nina watoto watatu, nipo stesheni ya Manyoni nangojea treni. Mwanamke mnene mwenye kitenge kizuri akaniita jina langu. Nilimtambua kwa vidole. Tukakaa juu ya mizigo. Akaniambia mama yake wa kambo siku ya kwanza alimtazama kutoka juu mpaka chini, akamuuliza, "Wewe unajua nini?" na yeye akajibu, "Kupika." Akapika humo ndani, kisha akapika kwenye nyumba ya wageni ya shamba la mkonge, na sasa alikuwa na hoteli yake ndogo ya chai na wali pale Kilosa. Akamuulizia mjomba wake. Nikamwambia tulimzika mwaka uliopita. Akaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge.

Nikaona nisipolisema sasa sitalisema tena. "Raheli, yale mafuta niliyamwaga mimi."

"Najua. Mbwa alikuwa analamba."

"Mbona hukusema?"

Akanigeukia kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza swali la mtoto. "Ningemwambia nani, Damari? Ile ilikuwa nyumba yenu."

Miaka yote nilikuwa nimeuonea wivu hata ule ukimya wake, nikidhani ni wema uliomzidi. Sikuwaza kuwa alikuwa anaogopa.

Treni yake ilikuwa imeshapiga honi kwa mbali. Akasimama, akajifuta macho, akacheka kidogo. "Mjomba alinivumilia tu, najua. Siku ile lori linaondoka alinipa mgongo, hakunipungia hata mkono. Nilimwangalia mpaka nikapotea kwenye kona. Nikasema, basi, amechoka na mimi."

Ningeweza kunyamaza. Nasema kweli, jambo hilo lilinipitia moyoni, hata wakati ule, mtu mzima, mwenye watoto watatu, na baba yuko kaburini. Kilio kile kilikuwa kitu pekee cha baba ambacho nilikuwa nacho na yeye hana. Nikamshika mkono kabla hajainua mzigo wake.

"Kaa kwanza," nikamwambia. "Kaa nikueleze alikwenda wapi alipogeuka."